Usijenge Kabla ya Kuuliza Udongo

WAHENGA walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawakukosea. Hata hivyo, zimo nyumba nyingi jijini Nairobi na viungani mwake ambazo wenyewe waliziba ufa, wakauziba tena mwaka uliofuata, wakaupaka na rangi, na mvua ya masika ilipopiga ufa ukachungulia pale pale. Ufa wa namna hiyo hauzaliwi ukutani. Huzaliwa chini ya msingi, mahali ambapo mwenye nyumba hakupata kutazama kabla ya kumwaga zege.

Makala ya leo, mpenzi msomaji, yatakushusha huko chini. Tutazungumzia kazi inayofanywa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, yaani kuchimba ardhi na kutwaa sampuli za udongo ili mhandisi ajue msingi utakaa juu ya nini. Wengi hudhani hiyo ni shughuli ya madaraja na majumba ya ghorofa ishirini peke yake. La hasha! Nyumba ya vyumba vitatu nayo ina uzito wake, na udongo hautambui tajiri wala maskini.

Hebu fikiria jinsi familia ya kawaida inavyonunua ploti. Baba na mama wameweka akiba kwa miaka mingi. Wakishaonyeshwa ploti, wanakwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha kuwa hatimiliki si bandia. Wanamtafuta wakili. Wanauliza kama stima imefika, kama maji yapo, na kama matatu hupita karibu. Kisha humwita fundi, naye hupima kwa hatua, huchimba mtaro wa kimo cha goti, na kazi ikaanza. Katika safari hiyo yote hakuna hata mmoja aliyeuliza kuna nini mita mbili chini ya nyasi.

UDONGO MWEKUNDU NA UDONGO MWEUSI

Yeyote aliyewahi kutembea kwa miguu Nairobi siku ya mvua anajua kwamba jiji hili lina udongo wa aina mbili kuu. Upande wa magharibi na kaskazini, kama vile Kabete na kuelekea Kiambu, ardhi ni ya miinuko, maji hutiririka bila taabu na udongo ni mwekundu. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Embakasi hadi Athi River na Kitengela, ardhi ni tambarare, maji hutuama, na udongo ni ule mweusi unaong'ang'ania viatu mpaka ukadhani umevaa gambuti za chuma. Mafundi huuita blakotoni.

Udongo huo mweusi una chembe za mfinyanzi ambazo hufyonza maji na kuvimba, kisha hunywea jua likiwaka. Mvua ikinyesha huuinua msingi, na kiangazi kikija huuachia. Tena hauiinui nyumba yote kwa kipimo kimoja. Katikati ya nyumba, chini ya sakafu, udongo hubaki na unyevu ule ule, ilhali pembeni hulowa na kukauka kila msimu. Kona moja ikipanda na nyingine ikishuka, ukuta wa mawe, ambao haujui kujipinda, hupasuka. Ndipo utasikia mlango umekwama mwezi wa Mei, na mwezi wa Februari unafunguka wenyewe.

Jambo linalowaponza wanunuzi ni kwamba udongo huu ni mdanganyifu. Ukitembelea ploti mwezi wa Januari utaukuta umekauka, mgumu kama jiwe, na jembe likiugonga linalia. Mnunuzi huondoka akisema ameona mwamba. Angalirudi masika yakiwa yamepamba moto, angalizama hadi vifundoni.

MACHO NA MASIKIO KWANZA

Uchunguzi wa udongo hauanzi na mashine. Mhandisi mzuri hutembea kwanza. Hutazama kuta za majirani, maana nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye viungo vya mawe ni ushahidi tosha. Huchungulia mitaro iliyo wazi kando ya barabara. Husoma ramani za jiolojia za eneo hilo.

Kisha huwauliza wazee: hapa zamani palikuwa na nini? Swali hilo halina gharama, lakini limewaokoa wengi. Zipo ploti zilizokuwa machimbo ya mawe, yakajazwa taka na vifusi, yakasawazishwa na kuuzwa. Nyingine zilikuwa vinamasi. Nyasi hufunika yote hayo, lakini mzee aliyechunga mbuzi hapo akiwa kijana hasahau.

SHIMO LA MAJARIBIO

Baada ya hapo huchimbwa shimo la majaribio kwa jembe, sururu na sepetu, aghalabu lenye kina cha mita mbili hadi tatu. Kwa nyumba ya kawaida huchimbwa mashimo kadhaa sehemu mbalimbali za ploti, kwa kuwa udongo wa mbele unaweza kutofautiana na wa nyuma. Uzuri wa shimo ni kwamba unaona kwa macho yako. Matabaka hujipanga kama keki iliyokatwa kwa kisu: juu udongo wenye mizizi, chini yake blakotoni, kisha murramu, halafu mwamba. Kila tabaka hupimwa unene wake na kuandikwa daftarini, pamoja na kina ambacho maji yalianza kuchuruzika.

Mara nyingi shimo hilo peke yake humwokoa mwenye nyumba. Akikuta blakotoni ina unene wa mita moja hivi na murramu imara chini yake, mhandisi anaweza kuamuru udongo huo mweusi uondolewe wote na nafasi yake ijazwe mawe na murramu ya kushindiliwa. Akikuta ni nene mno, atafikiria njia nyingine, kama kutandaza zege lenye vyuma chini ya nyumba nzima au kuteremsha nguzo hadi penye udongo usioyumba.

Ila tahadhari. Kuta za shimo huweza kuporomoka bila kutoa ishara. Mtu asiteremke katika shimo linalompita kifua kabla kuta hazijashikizwa kwa mbao, wala udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni. Kazi ikiisha shimo lifukiwe mara moja. Mashimo yaliyoachwa wazi yakajaa maji ya mvua ni mtego wa watoto wetu.

KEKEE YA MKONO NA YA MASHINE

Panapohitajika kina zaidi, ndipo kekee inapoingia. Ile ya mkono ni kama skrubu kubwa iliyofungwa kwenye bomba lenye mpini wa msalaba. Watu wawili huizungusha, huivuta juu kila baada ya hatua chache na kuubandua udongo ulioshikamana nayo. Katika udongo laini usio na mawe huweza kufika mita tano au sita. Ikigonga jiwe husimama, na hapo hujui kama umefika kwenye mwamba au ni jiwe moja tu lililolala peke yake.

Kwa majengo ya ghorofa huletwa mashine. Tundu huteremshwa kwa makumi ya mita, na kuta zake zikitaka kuporomoka hushikiliwa na bomba la chuma. Wakifika kwenye mwamba, mafundi hubadilisha na kufunga kekee ya duara yenye vipande vya almasi menoni. Hiyo hukata ukingo na kuacha katikati kipande cha jiwe chenye umbo la mshumaa, ambacho hutolewa na kulazwa katika sanduku la mbao kwa kufuata kina chake. Mhandisi hujumlisha urefu wa vipande vyote vyenye sentimita 10 au zaidi. Akiwa ametoboa mita moja na vipande hivyo vikafika sentimita 90, mwamba huo ni mzima. Vikifika sentimita 20 tu, umejaa nyufa.

Hapa Nairobi, mwamba wa kwanza usikupumbaze. Jiji letu limekaa juu ya miamba iliyomwagwa na volkano kwa awamu, na baina ya awamu moja na nyingine palijilundika majivu na tope la maziwa ya kale. Yamkini kekee ikapita kwenye jiwe gumu kisha ikatumbukia katika tabaka laini. Huko Mombasa nako, mwamba wa matumbawe unaweza kuwa na mapango ndani yake. Kwa jengo zito, ni sharti kekee ipenye mpaka ijulikane mwamba una unene gani.

NYUNDO INAYOHESABIWA

Umewahi kupita kando ya ploti iliyozungushiwa mabati ukasikia mlio wa chuma, ko, ko, ko, kwa mpigo mmoja usiobadilika? Huenda ulikuwa ukisikia kipimo maarufu kuliko vyote katika kazi hii. Bomba fupi linalofunguka vipande viwili kama ganda la njugu huteremshwa hadi chini ya tundu. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha milimita 760, tena na tena. Wafanyakazi huhesabu mapigo yanayohitajika kulizamisha bomba milimita 150, kisha milimita 150 nyingine, kisha 150 za mwisho.

Mapigo ya hatua ya kwanza huachwa, kwa kuwa udongo wa pale juu umekwisha vurugwa na kekee. Yale ya hatua mbili za mwisho hujumlishwa. Tuseme yalikuwa 6, 9 na 11. Jibu ni 20. Katika mchanga, jibu lisilofika 4 lina maana kwamba mchanga umelegea mno. Kati ya 10 na 30 ni wa wastani, na ukipita 50 umeshikamana sana. Bomba likitolewa hufunguliwa, na ndani yake mna udongo wa kina kile kile. Kwa hiyo kipimo na sampuli hupatikana kwa safari moja.

Mbinu hii ilianza Marekani mwaka 1902, mhandisi Charles Gow alipoanza kupigilia bomba ardhini badala ya kutegemea matope yaliyoletwa juu na maji ya kuchimbia. Imedumu zaidi ya karne moja kwa sababu ni rahisi. Lakini urahisi wake ndio udhaifu wake. Nyundo ikiangushwa kutoka nusu ya kimo, au anayehesabu akipiga gumzo, mhandisi ataletewa nambari za udongo ambao haupo, naye atachora msingi wa udongo huo huo usiokuwepo.

MAKOMBO NA MKATE

Sampuli nazo si zote sawa. Makombo ya mkate yatakueleza kama ni mkate wa ngano au wa mahindi, lakini hayawezi kukueleza kama ulikuwa laini au mgumu. Udongo unaotolewa na sepetu, kekee au lile bomba la nyundo ni makombo. Unatosha kuchekechwa ili ijulikane una mchanga kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani. Ukifungwa barabara katika mfuko wa plastiki, unatosha pia kupimwa unyevu.

Ili kujua nyumba itadidimia kiasi gani, maabara huhitaji mkate mzima. Bomba la chuma lenye ukingo mwembamba na mkali husukumwa polepole katika udongo wa mfinyanzi, pasipo kugongwa, kisha huvutwa pamoja na udongo uliomo. Ncha zake huzibwa kwa nta ili unyevu usitoroke. Juu yake huandikwa nambari ya tundu, kina, tarehe, na upande upi ulikuwa juu. Husafirishwa kama mtu abebavyo trei ya mayai. Bomba lililoachwa juani au kurushwarushwa nyuma ya pikapu limekwisha kuwa makombo, hata kama limefungwa kwa nta ya dhahabu.

FUNZO LA SASUMUA

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa udongo wa aina hii unajulikana vitabuni, kwa nini kupima tena? Jibu liko hapa hapa nyumbani, kwenye bwawa la Sasumua katika safu za Nyandarua, ambalo huipa Nairobi maji. Lilipojengwa katika miaka ya 1950, udongo mwekundu wa pale ulizua mjadala, kwani majibu ya vipimo vya kawaida yaliufanya uonekane haufai. Karl Terzaghi, anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya udongo katika uhandisi, alishauriwa kuhusu bwawa hilo na akachapisha maelezo yake mwaka 1958. Chembe za mfinyanzi wa Sasumua zilikuwa zimegandamana katika vibonge vidogo vidogo, na kwa sababu hiyo udongo ulikuwa imara kuliko vitabu vilivyoutazamia. Kanuni zilizotungwa kwa udongo wa Ulaya na Marekani zingaliukataa. Vipimo vya udongo wenyewe ndivyo vilivyoutetea.

GHALA LILILOLALA

Kosa la pili ni kupima juu juu. Mjini Winnipeg, Kanada, ghala kubwa la nafaka lilijengwa pahali paitwapo Transcona. Kabla ya kujenga, wahandisi waliupima udongo kwa kuukandamiza pale pale msingi ulipotakiwa kukaa, nao ukaonekana kuwa na nguvu za kutosha. Tarehe 18 Oktoba 1913, ghala likiwa linajazwa nafaka, lilianza kudidimia, na baada ya siku moja lilikuwa limeinama kiasi cha digrii 27. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba chini ya udongo ule mgumu palikuwa na mfinyanzi laini zaidi.

Kuna siri ndogo hapo. Kibao kidogo cha kupimia hukandamiza udongo wa karibu tu. Jengo pana husukuma mbali zaidi, kina kinachoweza kufika mara moja na nusu au mbili ya upana wa msingi wake. Kwa hiyo shimo la mita mbili linalomtosha mwenye nyumba ndogo halimtoshi anayetaka kuinua ghorofa saba. Na aliyejenga nyumba ya chini miaka iliyopita, akapimiwa udongo kwa hiyo, asiongeze ghorofa tatu juu yake akidai kwamba alikwisha pima.

GHARAMA YA KUTOPIMA

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Lilikuwa limejengwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha orodheshwa miongoni mwa majengo yasiyofaa kukaliwa. Msiba kama ule hauna sababu moja tu, kwani zege hafifu, vyuma vichache na tamaa ya kodi huwa na sehemu yake. Hata hivyo, jengo ambalo mwenyewe hakutaka kumlipa mhandisi huwa halijapimiwa udongo vilevile. Tabia ni moja.

Gharama ya kupima ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo. Kwa nyumba ya familia, mashimo machache na vipimo vya maabara havilingani hata kidogo na bei ya kubomoa ukuta na kuujenga upya, seuze bei ya roho.

Ukiwa tayari, mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya. Mwulize maswali manne. Mashimo yatachimbwa mangapi, na mahali gani? Yatafika kina gani, na kwa nini kina hicho? Sampuli zitapelekwa maabara gani? Na je, ripoti itanieleza kwa lugha wazi msingi ukae kina gani na uwe wa aina gani? Kisha, siku ya kuchimba, nenda ukajionee. Ripoti iliyoandikwa bila mtu kufika kwenye ploti ni karatasi tu.

JARIBIO LA WANAFUNZI

Nanyi wanafunzi msibaki nyuma. Chukueni udongo mwekundu na mweusi, mwukaushe, mwuponde na kuuchekecha. Tieni kijiko kimoja cha kila aina katika bilauri yake ya kioo, mweke alama udongo ulipofikia, kisha mmimine maji polepole na kuviacha hadi kesho yake. Tazameni ni upi ulioinuka na kuipita alama. Kisha uloweni kidogo kila udongo na kuuviringisha kwa kiganja hadi uwe uzi mwembamba wa milimita tatu. Wenye mfinyanzi mwingi hukubali, wenye mchanga hukatika. Jaribio hilo la uzi ni jamaa wa kipimo alichokibuni Albert Atterberg wa Uswidi mwaka 1911, na hadi leo maabara huviringisha uzi ule ule. Bilauri ya nyumbani haichukui nafasi ya maabara, lakini itawafunza kwa nini baba hapaswi kumwaga msingi kabla ya kuuliza.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumzia mchanga na kokoto: jinsi ya kutambua mchanga wenye tope kabla haujaharibu zege lako. Hadi wakati huo, kama una ploti, chukua jembe uende ukaitazame kwa ndani. Jumapili njema.